Yule Bwana wa Kwenye Sahani

8 Februari 1999

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini mko wazima, wewe, shemeji na wapwa zangu, na Baba pia. Mimi mzima, uchovu tu wa kawaida. Kiwandani wametuongezea mashine nne za kufuma kwenye ukumbi uleule, kwa hiyo siku hizi tunapita ubavuubavu. Chumba ni kilekile, na dirisha bado linatazama ukuta.

Sasa nikuambie kilichonifanya nitafute kalamu. Jumamosi nilipita kwa muuza vitu chakavu nyuma ya kiwanda, natafuta sufuria. Chini ya pasi mbovu nikaiona sahani yetu ya santuri. Si inayofanana na yetu, ni toleo lilelile, na jalada lake. Wanaume watano wenye suti nyeupe na suruali za bugaluu zilizofagia sakafu, na yule mwanamke mmoja katikati amejishika kiuno. Yule wa tatu kutoka kushoto, muimbaji wetu, bado amesimama vilevile. Nusu ya mtaa wetu walikuja kwa Baba wakamwelekezea kidole yeye, wakasema, "Fundi, nishonee kama ya huyu." Nilisimama pale nikacheka peke yangu mpaka muuzaji akaniuliza kama ni ndugu yangu.

Nilinunua na gramafoni, sufuria nikasahau. Jana Jumapili nimeipangusa sahani kwa kitambaa cha pamba, kutoka ndani kwenda nje kama Baba alivyotufundisha, nikakaa chini. Ngoma zipo. Besi ipo, inagonga kifuani kama zamani. Ila yule bwana, Dada, simpati. Ile sauti yake nene, tuliyokuwa tunasema amemwibia Baba, haipo. Kuna kitu chembamba kinakuja na kuondoka, kama mtu anayeongea nyuma ya mlango. Nimesafisha sindano, nimegeuza upande, wapi. Leo nimeirudisha kwa muuzaji. Akaipiga palepale, wateja wakaanza kutikisa vichwa, akaniambia sahani haina ubaya wowote. Nikaichukua nikaondoka nayo.

Naomba unifanyie jambo moja. Yetu najua iko juu ya kabati, chini ya majora. Ishushe, ipige, uniandikie unachosikia, wimbo kwa wimbo. Kwenye wimbo wa pili bado anaguna kabla ngoma hazijaingia? Ule wa mwisho bado anaita mara tatu halafu ananyamaza? Nataka kujua kama kasoro iko kwenye sahani hii.

Baba msalimie sana. Mwambie nitapiga simu, ila simu za huku siku hizi ni taabu tupu.

Mdogo wako,
Pini


9 Machi 1999

Mdogo wangu Pini,

Marahaba. Barua yako imetembea karibu wiki tatu, na ilipofika niliikuta imewekewa kikombe juu, sasa ina duara la chai, na si langu. Sisi tupo. Shemeji yako yuko njiani na lori lake, anakuja siku mbili anaondoka siku kumi. Mpwa wako mkubwa amefaulu mtihani na anaringa, hata vyombo haoshi. Mdogo ameng'oka meno mawili ya mbele, anapiga mluzi kila anaposema neno lenye herufi ya "s".

Hapa karakana ni sare za shule. Kaptura za kijivu mia mbili na kumi, zote pindo la inchi mbili ili watoto wakue ndani yake. Suti hakuna anayeagiza, watu wananunua zilizokwisha kuvaliwa na wengine. Mafundi tumebaki wawili, mimi na yule mama wa vifungo. Tundu la sindano siku hizi nalitafuta kwa kupapasa. Nimechoka, Pini. Sisemi ili unionee huruma, nasema kwa kuwa hakuna mwingine wa kumwambia.

Sasa Baba. Mwezi wa kwanza alilazwa siku tano. Miguu imevimba, daktari anasema ni moyo. Sikukuandikia kwa sababu nilikuwa nangoja upige, nikuambie mwenyewe. Anakaa kwenye kiti chake kando ya meza ya kukatia. Mwaka wa pili huu hashiki mkasi, ila nikikata vibaya anakohoa kabla sijamaliza.

Juzi ilikuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi. Unakumbuka Jumapili ya kwanza ni siku ya nini, au na hilo umelisahau? Baba alivaa koti. Saa tatu na nusu alikuwa tayari ameshika fimbo. Akatembea mpaka duka la dawa, akakaa kwenye benchi chini ya simu, mpaka saa saba walipofunga. Ni mara ya kumi na moja hiyo. Mwenye duka amemwekea mto, na mimi nikiuona ule mto naona haya kwa niaba yako.

Ana neno anataka kukuambia. Nimemwomba anitajie nikuandikie, amekataa katakata. Anasema hilo si la kupitia kwa mtu. Daktari naye aliniita pembeni akaniambia mzee asinyimwe anachotaka. Nadhani umeelewa.

Ulichonijibu siku ile ya mwisho ulipopiga sitaki kukukumbusha. Nilijiapiza sitakiandika, na sikiandiki. Kama una hasira na mimi, kosa langu silijui, lakini Baba usimhusishe.

Sahani sijaishusha. Nina kaptura.

Piga simu. Dakika tano zinatosha.

Dada yako


30 Machi 1999

Dada,

Shikamoo. Poleni sana na maradhi ya Baba. Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, nikaisoma tena nimekaa. Mpe hongera mpwa wangu, na vyombo aoshe. Yule wa mluzi mwambie mjomba anamwonea wivu.

Simu nimejaribu. Mara laini inakatika, mara foleni posta, mara zamu yangu inagongana na saa zenu. Nitajaribu tena. Usimwambie Baba tarehe, asije akavaa koti bure.

Dada, kuna jambo litakuangusha kwenye kiti. Yule bwana ni mwanamke. Sikutanii. Nilirudi kwa muuza vitu chakavu kulalamika mara ya pili, nikamwambia sahani yangu haina muimbaji, sauti yake nene imepotea. Akaniangalia. Akachukua jalada, akaweka kidole juu ya yule mwanamke wa katikati, akaniandikia kwenye kipande cha gazeti: HUYU NDIYE ANAYEIMBA. Nikabishana naye mbele ya watu. Nikamwambia mimi nimekua na sahani hii, suruali zangu zote nimeshonewa juu yake, huyo dada ni wa pambo tu. Alicheka mpaka akashika meza. Sasa niambie, inawezekanaje familia nzima, mafundi sita na wateja wa miaka yote ile, tusijue mwanamume na mwanamke?

Ndiyo maana nakuomba tena uishushe yetu. Huenda wanatoa sahani mbili, moja ya mwanamume na moja ya mwanamke. Sijui. Nataka ile ya kwetu. Hata ukiniandikia mistari mitatu tu nitashukuru.

Huku hakuna jipya. Wamenihamisha kutoka mashine za mbele, nimepelekwa kwenye maghala kufunga marobota. Wiki iliyopita kigari cha mizigo kilinigonga kisigino, aliyekisukuma anaapa kwamba alipiga kelele. Watu wa huku siku hizi wanaongea chinichini, sijui ni mtindo gani. Hata mama mwenye nyumba analalamika kwamba anagonga mlango simfungulii, na mimi niko ndani nimekaa.

Kisigino kimepona.

Pini


22 Aprili 1999

Pini,

Marahaba. Wote tunapumua. Mama wa vifungo amefiwa na mama mkwe, kwa hiyo wiki nzima nilikuwa peke yangu na kaptura hamsini.

Tarehe nne Baba alivaa koti tena. Sikumwambia tarehe yoyote, anaihesabu mwenyewe. Mvua ilinyesha na akarudi amelowa mabega. Akavua koti, akalilaza juu ya meza ya kukatia, akalinyoosha kwa kiganja kama anavyofanya kabla ya kuchora chaki. Akasema, "Lifumueni. Kitambaa bado kizuri, litatoka koti la mtoto." Halafu akaenda kulala saa nane mchana. Koti nimelificha. Yeye anadhani tumeshafumua, na hajauliza.

Nilikasirika mno siku ile. Nilitaka nikuandikie barua ya neno moja. Kisha ikaja yako na habari za yule bwana, nikamsomea nikidhani atapata kitu cha kucheka. Na kweli alicheka, mpaka akakohoa. Akasema, "Miaka ishirini nasikiliza mwanamke nadhani mwanamume mwenzangu." Akaniamuru niishushe.

Basi nimeishusha. Nikaipiga, na yule bwana akaimba kama siku zote. Anaguna kabla ya ngoma kuingia. Mwishoni anaita mara tatu na kunyamaza. Ni mwanamume mzima, Pini, ningeweza kuapa mahakamani. Nikamwita fundi redio wa jirani. Akafungua gramafoni kwa bisibisi, akachungulia, akatuuliza nani aliyetia kitu hiki.

Unakumbuka ule mkanda wa mpira wa ndani ulipokatika, mwaka ule wa kwanza? Baba alikata lastiki ya kiunoni, akaishona ncha mbili kwa mkono, akaivisha. Tukaona imezunguka tukashangilia. Fundi redio anasema lastiki inavutika, inateleza, sahani inazunguka polepole, na ikizunguka polepole sauti inashuka. Mwanamke anakuwa mwanamume. Na ule mkwaruzo mdogo kila baada ya muda, ambao sisi tulidhani yule bwana anavuta pumzi, ni fundo la uzi wa Baba.

Akatia mkanda wa kweli, akaipiga. Pini, nilitaka kulia. Ni kamwanamke kana haraka, kanakimbia kama kameacha sufuria jikoni. Mama wa vifungo alikuwa anashona pindo, unajua tunapima kazi kwa sahani, upande mmoja suruali moja. Upande ukaisha yeye yuko mguu wa kwanza. Akauliza nani amekata muziki. Hapo ndipo nilipojua kwamba kumbe miaka yote hii tumekuwa mafundi wazembe na hatukujua, maana kila mteja aliyeambiwa arudi baada ya pande mbili alikuwa anangoja zaidi ya wengine.

Baba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia fundi redio, "Nirudishie lastiki yangu." Imerudishwa.

Nimekaa nikaisoma barua yako tena, peke yangu. Watu wanaongea chinichini. Mlango unagongwa hufungui. Kigari kinakugonga kisigino. Muuzaji anakuandikia kwenye gazeti kitu ambacho angeweza kukisema tu. Na muimbaji humsikii, lakini besi unaisikia.

Nijibu kitu kimoja tu, na usinizungushe. Unasikia?

Dada yako


14 Mei 1999

Dada,

Shikamoo.

Sisikii vizuri. Nimekaa na barua yako siku tatu nikitafuta namna nyingine ya kuliandika, sikuipata.

Ni mashine. Miaka kumi na tano katikati yake. Mwanzoni tulikuwa tunatia pamba masikioni, baadaye pamba zikaonekana za waoga. Ilianza na ndege, nilidhani wameacha kuja. Kisha kengele ya kiwanda, nikaanza kuangalia wenzangu wakiinuka ndipo na mimi ninainuka. Muuguzi wa kiwanda alinivisha vyombo masikioni akaniambia niinue mkono nikisikia mlio. Alikaa muda mrefu ananitazama, na mimi namtazama, nangoja aanze. Kumbe alikuwa ameshaanza. Anasema zimeondoka sauti nyembamba, za juu. Nene bado ninazo. Za wanaume wenye sauti nzito napata maneno mengi, nikiwaona midomo napata karibu yote. Za wanawake na watoto zinanifikia kama karatasi inayokunjwa. Wakati ule wifi yako alikuwa bado hapa. Aliondoka akisema simsikilizi. Alikuwa na haki yake, na mimi nilimwacha aondoke na jibu hilo kuliko kumwambia la kweli.

Sasa ile siku ya simu, mwezi wa nne mwaka jana. Najua ni nini hukutaka kuandika. Ulipokea wewe. Nilisikia kwamba kuna mtu anaongea, basi. Nikasema moyoni hizi ni salamu, na salamu majibu yake nayajua. Nikakujibu, "Vizuri sana, nimefurahi kusikia hivyo." Ukanyamaza. Nikaongeza, "Wasalimie wote." Ukakata, nikadhani laini. Miezi miwili baadaye ikaja barua ya binamu kwamba shangazi amefariki na amezikwa mwezi wa tatu. Nikarudi nyuma nikahesabu siku. Dada, nilikaa sakafuni. Shangazi aliyetulea, unaniambia amekufa, na mimi nakujibu nimefurahi.

Ningekuomba radhi ningelazimika kueleza. Na simu sikuthubutu tena, niliogopa nitafurahia msiba mwingine. Nisamehe. Sikuwa na hasira na wewe hata siku moja.

Ile sahani niliinunua kwa sababu nilijiambia, huyu bwana sauti yake nene, huyu hawezi kunipotea. Nilipokaa pale nikasikia ngoma zinapita na yeye hayupo, niliogopa kuliko siku ya muuguzi.

Nakuomba sana, Baba usimwambie. Siku ninaondoka alisimama mlangoni na futi yake shingoni. Alikuwa na suti kumi na nne mezani na hakuna wa kumkatia. Akasema, "Nenda. Ila ukichoka, usije ukaniambia." Wewe ulikuwepo. Nilichoka mwaka wa tatu tu, Dada, na sijamwambia mpaka leo.

Pini


3 Juni 1999

Pini, mdogo wangu,

Marahaba, marahaba mara mia.

Barua yako niliisomea chooni, ndiyo sehemu pekee ya nyumba hii yenye komeo. Nikakaa humo mpaka mpwa wako wa mluzi akagonga akiuliza kama nimekufa.

Nimekusamehe. Nataka ujue kilikuwepo cha kusamehe. Mwaka mzima nimekula na maneno yale. Nikishona nayasikia, "nimefurahi kusikia hivyo." Nimewahi kusimama kwenye kaburi la shangazi nikamwambia, mtoto wako amekuwa mtu wa ajabu. Kesho kutwa nakwenda kumwambia kwamba nilisema uongo. Na wewe nakuona mjinga, nakuambia kwa mapenzi. Kiziwi hupelekewa habari kwa barua kama watu wote. Ungeniandikia mstari mmoja.

Baba sikumwambia. Alijua. Nilimkuta ameishika barua yako ya mwezi wa tatu, ile ya yule bwana ni mwanamke, anaisoma kwa kioo chake cha kukuzia. Akaniuliza, "Mkubwa wa mafundi wa kiwanda kile cha zamani, yule niliyekuwa namshonea makoti, unamkumbuka? Alikuwa anaandika vilevile. Kila mtu anaongea chini." Akarudisha barua kwenye bahasha.

Sasa sikiliza, au tuseme soma. Umesema mwenyewe kwamba sauti nene bado unazo. Miguu ya Baba imekwisha, mashavu yamekwisha, lakini sauti haijashuka hata kidogo. Akiita kutoka kitandani bobini za cherehani zinatikisika kwenye kopo. Sisi ndio tuliosema yule bwana amemwibia. Ulikuwa unamtafuta Baba, Pini, ukaenda ukanunua sahani.

Basi fanya hivi. Jumapili ya kwanza ya mwezi wa saba, tarehe nne, saa nne asubuhi ya huku, piga duka la dawa. Mimi nitasimama pale lakini sitasema hata "halo". Nimekwisha kumwomba mwenye duka naye asipokee. Atapokea Baba mwenyewe. Kama hutamsikia, yeye atakusikia wewe, na hilo peke yake linatosha. Kama laini ni mbovu, piga tena. Kama foleni ni ndefu, jipange saa kumi na mbili asubuhi.

Koti nimelitoa nilikolificha. Nililitundika mlangoni. Amelitazama siku mbili. Leo asubuhi ameniambia kifungo cha pili kimelegea.

Usipopiga sitakuandikia tena. Sisemi kwa hasira. Nimechoka tu kumwona akikaa juu ya ule mto.

Dada yako


5 Julai 1999

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini mko wazima na Baba alirudi nyumbani bila taabu. Mimi mzima.

Najua ulikuwa umesimama pale, lakini upande wako ulisikia maneno ya Baba tu, kwa hiyo nakuandikia ya huku.

Nilifika posta kabla hawajafungua. Nikapewa kibanda cha tatu. Nikatia pamba sikio la kulia, la kushoto ndilo zima zaidi. Ikaita, yaani nilidhani inaita, maana mlio wenyewe siupati, nilihesabu tu. Kikawa kimya cha mtu. Halafu akasema, "Pini."

Nilimsikia, Dada. Nilimsikia kana kwamba yuko ndani ya kibanda. Ni sauti ileile ya sahani, na pumzi zake katikati kama lile fundo la uzi. Akasema tena, "Pini, umechoka?"

Nikamwambia, "Nimechoka, Baba."

Karani wa posta akanigongea kioo, nikampa mgongo. Kisha Baba akasema lile neno lake. Mengine nilijaza mwenyewe, kama tulivyokuwa tunajaza nyimbo za lugha tusiyoijua, lakini kiini nilikipata. Alisema siku ile mlangoni alikuwa na hofu ya kubaki na meza peke yake, na hofu akaivalisha ukali. Alisema, "Nimekaa nalo miaka kumi na sita. Nalirudisha. Uchovu wako niambie mimi."

Nikamwambia. Nilisimama kwenye kibanda cha posta, mtu mzima wa miaka thelathini na minane, watu kumi nyuma yangu kwenye foleni, nikamwambia baba yangu yote. Mashine, muuguzi, wifi yako, kisigino. Hata ndege. Sijui alijibu nini katikati, nilikuwa naongea mimi. Nyuma yake nikasikia kitu kama karatasi inayokunjwa, nikajua ni wewe, na ahadi yako ya kunyamaza umeivunja. Sikusikia ulichosema. Huenda ulikuwa unalia.

Leo asubuhi nimepeleka barua ya kuacha kazi. Mwisho wa mwezi wa nane nitakuwa huko. Sijui nitafanya nini, masikio haya hayafai kwa wateja, ila pindo la kaptura halihitaji masikio. Sahani yangu na gramafoni nimemrudishia muuzaji, akacheka tena. Yetu usimruhusu fundi redio aiguse.

Kuna jambo moja la mwisho, na inabidi ulishughulikie leo hii ukipata barua. Kabla laini haijakatika Baba aliniuliza, "Kiuno chako sasa inchi ngapi?" Nilimsikia neno kwa neno. Nikajua ameanza tena kushika mkasi, au anataka kuushika, na sikutaka ajue nilivyonenepa kabla hajaniona. Nikamwambia thelathini na mbili, kama siku niliyoondoka.

Mwambie nilidanganya. Mwambie thelathini na nane, na asikate mpaka uwe umemwambia.

Pini